Kosa na Kukosa

Mwaka juzi nilipata kazi ya kuandika kile ambacho mashirika ya misaada hukiita hadithi ya mafanikio. Maneno mia nne, picha mbili, malipo baada ya kuidhinishwa. Nimeandika nyingi za aina hiyo: za visima, za mbuzi wa maziwa, za wasichana na sodo. Hii ilikuwa ya mwanamume aliyetoka jela akanunuliwa vifaa vya kushona viatu na shirika moja hapa Nairobi ambalo sitalitaja. Maelekezo yalikuja kwa barua pepe, yakiwa yamepangwa vizuri. Aya ya kwanza, maisha yake ya zamani na kosa alilofanya. Ya pili, gereza. Ya tatu, jinsi shirika lilivyomfikia. Ya nne, maisha yake sasa, pamoja na shukrani kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye picha awe anatabasamu.

Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na steji ya matatu. Alikuwa mtu wa maneno, na tukakaa karibu saa mbili. Alinieleza jinsi ngozi anayonunua Kariokor ilivyopanda bei, gundi gani inaachia mvua ikinyesha, na kwa nini soli ya tairi bado ni bora kuliko hizi za Uchina. Alinieleza pia mambo ya ndani, baridi ya sakafu, uji, kuhesabiwa asubuhi na jioni kama kuku. Nilipofika kwenye swali la kosa akaweka sindano chini.

"Hiyo niliambia hakimu," akasema. "Yeye ndiye alikuwa analipwa kuniuliza."

Niliandika maneno yangu mia nne bila hiyo sehemu. Jibu likaja baada ya siku mbili: imeandikwa vizuri, lakini wafadhili watataka kujua alifanya nini, na kama anajuta, bila majuto hakuna safari. Nikawajibu kwamba nilimwuliza akakataa, na ana haki ya kukataa. Kazi ikapewa mtu mwingine, mimi nikalipwa nusu. Nusu ile nyingine ilikuwa kodi ya nyumba, kwa hivyo sitajifanya haikuniuma. Ila kilichonikaa kichwani hadi leo ni swali: yule aliyetoa pesa za sindano, ngozi na gundi, alikuwa ananunua nini?

Kwa kawaida tunajibu haraka kwamba hakununua kitu, alitoa. Lakini mtu akitoa huku ameshika mkononi orodha ya anachotaka kurudishiwa (simulizi, toba, tabasamu) hiyo ni biashara, hata kama pesa ni za kanisa. Wazee walisema tenda wema nenda zako. Sehemu ya pili ya methali hiyo ndiyo ngumu. Kutenda watu wanatenda. Kwenda zao ndiko hawataki.

Hebu tuanze na maneno tunayotumia. Kiswahili kinasema mtu anatumikia kifungo, kama vile mtu anavyotumikia mwajiri. Mtaani tunasema amekula miaka mitatu. Vyovyote utakavyosema, jambo lina mwisho wake: utumishi una siku ya kuondoka, na kilicholiwa kimeshaliwa. Hakuna mahali katika lugha yetu panaposema kwamba mtu akimaliza kutumikia kifungo chake kwa serikali ataanza kingine kwa majirani, kwa mwajiri, kwa baba mkwe, na kwa yeyote aliyechangia shilingi mia tano akiwa Kilimani. Ila ndivyo inavyokuwa.

Chukua cheti cha tabia njema. Ukitafuta kazi ya ulinzi, udereva, kulea watoto, hata kusafirisha mizigo na kampuni yoyote inayojiheshimu, utaambiwa ulete. Unaomba mtandaoni, unalipa ada ya shilingi elfu moja na kitu, unaenda kupakwa wino vidole, unasubiri Idara ya Upelelezi iangalie kama jina lako limewahi kuandikwa. Ikiwa limeandikwa, karatasi itasema. Kwa hivyo serikali hiyo hiyo inakuambia mambo mawili. Langoni, askari jela anakukabidhi vitu vyako na kukuambia umemaliza, usirudi. Kwenye vidole, bado. Na kazi ambayo kijana asiye na karatasi za shule anaweza kuipata haraka zaidi Nairobi, ile ya kulinda lango la ploti usiku, ndiyo inayotaka cheti hicho kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na tangu siku hiyo kila mkutano wa kazi una dakika moja ambapo mtu anashusha macho kwenye wasifu wangu na kuuliza, "Na hapa katikati?" Sijilinganishi na aliyefungwa. Hakuna aliyenifungia mlango kwa nje. Lakini dakika ile moja imenifundisha kitu kuhusu kusimulia maisha yako ili upewe nafasi: ukishaisimulia mara kumi inaacha kuwa yako. Unaanza kuipanga kwa jinsi anayesikiliza anavyotaka iwe. Sasa fikiria ni dakika ya kila siku, na hapo katikati pana Kamiti.

Binamu yangu alikaa ndani miezi minane. Sitaeleza kwa nini, kwa sababu ile ile ya fundi wa viatu. Alipotoka, jambo la kwanza alilogundua ni kwamba laini yake ya simu ilishakufa na kupewa mtu mwingine. Pesa kidogo zilizokuwa kwenye laini zilikuwa mahali asipoweza kuzifikia bila kipande, na kipande kilipotea siku aliyokamatwa. Kupata kipande kipya unahitaji nauli, kupata nauli unahitaji mtu wa kumpigia, na namba zote alizokuwa nazo zilikuwa kwenye ile laini. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa mama yake, akakuta amehama. Jirani ndiye aliyemkopesha simu. Watu wanapozungumza kuhusu kumrudisha mfungwa katika jamii huwa wanafikiria ushauri nasaha na mafunzo ya ufundi, mambo mazuri yote hayo, na mimi kila mara nafikiria laini ya simu. Siku tatu za kwanza mtu hahitaji kubadilishwa moyo. Anahitaji laini, kipande, nauli, sabuni, na mahali pa kulala pasipo na wale aliokamatwa nao.

Kuna wanaojua hivyo. Nchi yetu ina Idara ya Uangalizi na Huduma za Baadaye kwa kazi hiyo hiyo, nayo ina maofisa wazuri wenye mafaili mengi kuliko mafuta ya gari. Halafu kuna mashirika. Tukumbuke kwamba zamani hayakuwa yanaingia. Magereza ya Kenya yalikuwa maboma ya siri tangu enzi za mkoloni, na wengi wa umri wangu hatukumbuki kwamba ni Moody Awori, akiwa makamu wa rais baada ya 2003, aliyesukuma sera ya milango wazi: magodoro, televisheni, wanahabari, wahubiri, walimu. Gereza la wanawake la Lang'ata hata likawa na mashindano ya urembo. Watu walicheka, wengine walikasirika ati wahalifu wanadekezwa. Lakini mlango ulipofunguliwa waliingia watu wa kila namna, na leo ukiuliza nani analeta sodo Lang'ata, nani anafundisha kompyuta, nani anatafuta shangazi wa mtoto ambaye amefikisha miaka minne na sheria haimruhusu kuendelea kukaa ndani na mama yake, mara nyingi jibu ni shirika, kanisa, au kikundi cha akina mama.

Baadhi ya mashirika haya yalianzishwa na watu waliokuwa ndani wenyewe. Pete Ouko alihukumiwa kunyongwa, akakaa Kamiti, akasoma sheria humo humo, akaachiliwa kwa msamaha wa rais 2016, na sasa anaongoza Crime Si Poa, kazi yake ikiwa na vijana kabla hawajaingia. Teresa Njoroge alikuwa mfanyakazi wa benki. Alifungwa Lang'ata akiwa na binti mchanga mgongoni, na rufaa ikaja kumwondolea hatia wakati kifungo chenyewe ameshakimaliza. Akaanzisha Clean Start kwa ajili ya wanawake wanaotoka. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba alipoingia alishtuka kukuta wengi waliomo ni wanawake maskini wa makosa madogo madogo.

Nawaheshimu hawa wawili. Lakini nimeona pia jinsi hadithi za namna hii zinavyotumiwa na sisi wengine. Mtu ambaye hakutenda kosa ni rahisi kumhurumia. Hatusumbui. Mkono unaingia mfukoni wenyewe. Swali la maadili linaanza pale kosa lipo, limethibitishwa, na mwenyewe hana hamu ya kulia mbele ya kamera. Je, huyu naye apewe sabuni?

Dini zetu, nikiangalia vizuri, hazikuweka sharti ambalo mashirika yameweka. Katika Injili, Kristo anahesabu kumtembelea aliye kifungoni pamoja na kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi, na katika orodha hiyo hakuna mahali panapouliza alifungwa kwa nini. Katika Uislamu, zaka ina mafungu yake manane, na humo mna fungu la kuwakomboa walio utumwani na fungu la wenye kuelemewa na madeni. Hivyo ni vipimo vya hali aliyomo mtu. Hii ya kupima ubora wa toba yake tumeiongeza sisi, nafikiri kwa sababu inatuweka kwenye kiti. Anayesikiliza toba ni mkubwa kuliko anayeitoa.

Najua atakayenipinga. Atasema: pesa ni zangu, nina haki kujua ziliko. Kweli kabisa. Omba risiti ya ngozi, omba risiti ya gundi, njoo uone kibanda kama kipo. Tumeibiwa vya kutosha na mashirika ya mkobani. Lakini risiti ya moyo wa mtu huwezi kupewa, na ukipewa ni feki. Atasema tena: na usalama je? Kama mtu aliumiza watoto, shirika lisijue, limpeleke akafundishe ushonaji palipo na watoto? Hapo nakubaliana naye. Shirika lijue. Lijue kwenye faili, kwenye droo yenye kufuli, kwa watu wawili wanaohitaji kujua. Hilo ni tofauti sana na kulijua kwenye jarida la rangi linalotumwa kwa watu elfu tatu kila Desemba.

Kuna aina moja ya hisani ambayo imenisumbua kuliko zote, na nimejaribu kuifikiria hadi mwisho. Kila mwaka karibu na Krismasi, na wengine wakati wa Ramadhani, wahisani huenda magerezani na kuwalipia faini wafungwa wa makosa madogo. Mtu amehukumiwa, tuseme, faini ya elfu tano au mwezi mmoja jela. Hana elfu tano. Anaingia. Mhisani anakuja na kitita, wanasomwa majina, wanatoka ishirini au thelathini, wanakula pilau langoni, wanaenda nyumbani.

Mwanzoni nilidhani hakuna wema safi kuliko huu. Hakuna mafunzo, hakuna majuto, ni pesa na mlango. Na bado, kwa aliyetoka, sioni wema ulio bora. Ningekuwa yeye ningeshika hiyo nauli na kukimbia bila kugeuka. Lakini tazama pesa zinakoenda. Zinaenda mahakamani. Hakimu alipotoa hukumu ile alishasema kwa mdomo wake kwamba kwa kosa hili elfu tano inatosha, na kwamba mwenye kuilipa arudi kwa watoto wake leo leo, hana hatari kwa mtu. Kwa hivyo aliyeko ndani kwa hukumu hiyo hayuko ndani kwa sababu ya kosa. Kosa lilishawekewa bei. Yuko ndani kwa kukosa. Wawili walikamatwa pamoja wakiuza mitumba kando ya barabara bila leseni, mmoja alikuwa na shemeji mwenye pesa, mwingine hakuwa naye. Tofauti kati yao ni shemeji.

Na mhisani anapokuja, yeye anakuwa shemeji wa muda. Anailipa serikali ili imwachilie mtu ambaye serikali yenyewe ilikiri haina haja naye. Jambo hilo lina kitu ndani yake kinachonikumbusha ukombozi wa zamani, mtu akinunuliwa sokoni ili aachwe huru: aliyenunuliwa anashukuru, na soko linafanya biashara.

Si kwamba hatuna njia nyingine. Sheria ya kutumikia jamii nje ya jela iko tangu 1998: hakimu anaweza kumtuma mwenye kosa dogo akafagie hospitali au akapande miti mchana na kulala kwake usiku. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa Januari 2017 ulieleza wazi kwamba mzigo wa kukamatwa na kufungwa unawaangukia maskini, na kwa makosa ambayo mengi ni madogo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zile tulizorithi kwa mkoloni za kumkamata mtu kwa kuonekana hana kazi wala mahali, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kuonekana huna kazi! Nikiwa sijapata kazi ya kuandika huwa naonekana hivyo tangu Jumatatu.

Sasa, hapa ndipo watu wa upande wangu hufika haraka mno kwenye jibu: basi wahisani waache, wanaisaidia serikali kukwepa wajibu wake. Katiba, Kifungu cha 51, inasema aliye kizuizini anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kufungwa. Kuna sheria ya 2014 iliyofafanua hayo, chakula, matandiko, matibabu. Shirika likileta sabuni, serikali imeokoa sabuni. Mwaka ujao bajeti ya sabuni haiongezwi kwa sababu sabuni ipo.

Hoja hiyo ni ya kweli, na siipendi. Huwezi kumwambia mwanamke aliye kwenye hedhi Lang'ata asubiri hadi bunge lione aibu. Anayesema hivyo sodo zake ziko kwenye droo ya bafuni. Leteni sabuni. Ninachotafuta ni kama kuna msaada unaoweza kuleta sabuni na bado ukamfanya mwenye wajibu akose usingizi. Nadhani upo, na mara nyingi ni ule wa sheria.

Justice Defenders, ambao zamani waliitwa African Prisons Project, walianza na kijana Mwingereza, Alexander McLean, aliyekuja Uganda baada ya shule kujitolea na akaona wafungwa wakifa hospitalini bila wa kuwaangalia. Walianza kwa mambo ya afya na maktaba. Kisha wakaanza kuwasomesha sheria wafungwa na askari jela pamoja, Uganda na Kenya, wengine hadi shahada ya Chuo Kikuu cha London. Susan Kigula alikuwa mmoja wao kule Luzira. Jina lake ndilo liko mbele katika kesi ya wafungwa zaidi ya mia nne waliokuwa wakingoja kunyongwa, kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Uganda iliimaliza 2009 kwa kusema hukumu ya kifo isiwe ya lazima. Hapa kwetu, Desemba 2017, wafungwa wawili katika kesi tunayoiita ya Muruatetu walipata uamuzi wa aina hiyo kwa kosa la mauaji: jaji asifungwe mikono, asikilize kwanza mtu huyu ni nani na ilikuwaje. Mahakama ilikuja kufafanua 2021 kwamba uamuzi huo ni wa mauaji tu, na wa wizi wa mabavu wakabaki na maumivu yao. Lakini nataka uone kilichofanyika. Mtu hakupewa kitu cha kushukuru. Alipewa ufunguo wa chumba ambamo serikali ililazimika kumjibu.

Ukiwa na mtu aliyesoma sheria akiwa ndani, huwezi kumwambia aweke tabasamu. Atakuuliza kwa mamlaka gani. Labda ndiyo maana wafadhili wanapenda cherehani zaidi.

Nimeandika hadi hapa nikiwa upande mmoja, na ningeweza kuishia hapa kama si mama mmoja wa mtaani kwetu. Ana duka la M-Pesa na kuuza vocha na mikate. Miaka kadhaa iliyopita vijana watatu walimwingilia saa moja jioni, mmoja akiwa na panga. Walichukua pesa zote za kazi, na ana kovu kwenye kifundo cha mkono hadi leo, linalomuuma baridi ikija. Mmoja wao alishikwa. Shitaka lilipunguzwa, akala miaka minne. Alipotoka, shirika fulani lilimnunulia mashine ya kuchomelea vyuma, na sasa anatengeneza madirisha na milango umbali wa dakika tatu kutoka dukani kwa huyo mama. Watu wanasema ana mkono mzuri.

Siku moja nilikuwa namweleza huyo mama haya ninayoyaandika, kwa shauku yangu yote, kosa na kukosa na kila kitu. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniambia, "Sawa mwanangu. Yeye amepewa mashine. Mimi nilikopa chama kurudisha pesa za watu, na nimelipa miaka miwili. Nani alikuja na kamera kwangu?"

Sikuwa na la kumjibu pale pale, na hata sasa jibu nililo nalo ni nusu. Naweza kusema kwamba sheria ya kuwalinda waathiriwa ipo tangu 2014, na ndani yake kuna mfuko kwa ajili yao, lakini yeye hajauona, kwa hivyo kumtajia ni kama kumwonyesha picha ya chakula. Naweza kusema kwamba mashine ile haikutoka kwenye chungu chake. Kwamba kijana asingepewa, yeye asingeongezewa hata shilingi, na pengine angekuwa na sababu zaidi ya kufunga duka saa kumi na moja. Hayo yote ni kweli. Lakini yeye hakuwa anapiga hesabu ya faida. Alikuwa anasema kwamba kuna watu wawili kwenye lile tukio, na mmoja tu ndiye anayevutia.

Kwa nini havutii? Nimejiuliza sana. Nafikiri ni kwa sababu mwathiriwa hana safari ya kuuza. Hakuwa mbaya akawa mzuri. Alikuwa anauza mikate, akakatwa, akarudi kuuza mikate. Ule mpangilio wa aya nne haumtoshei. Na hapo ndipo nilipoona kwamba kile kilichomkera fundi wa viatu na kile kinachomuuma huyu mama ni kitu kimoja, hata kama wao wangekaa meza mbalimbali. Wote wawili wanapimwa kwa jinsi wanavyosimulika.

Kuna jambo lingine. Shirika lililomsaidia yule kijana lilichapisha picha yake akiwa na miwani ya kuchomelea, na chini yake wakaandika kwamba jamii imempokea na kumsamehe. Mama aliiona kwenye simu ya binti yake. Alicheka, ila si kicheko cha kuchekea. Jamii gani? Aliyekatwa ni mmoja. Shirika lina haki ya kutoa mashine, kulipa nauli, kutafuta kipande, kumshika mtu mkono mbele ya mwajiri na kusema tunamjua huyu. Msamaha haumo kwenye bohari lake. Kuugawa ni kumwibia mama yule mara ya pili, na safari hii hata panga halikuhitajika.

Nilimwuliza kama angependa siku moja kijana aje amwambie kitu. Sikuuliza kwa niaba ya mtu yeyote. Akafikiria akipanga vocha kwa rangi.

Kijana huwa anapitia njia ya nyuma, kwenye mtaro, asubuhi na jioni, ili asipite mbele ya duka. Mvua ikinyesha huko kuna matope hadi kwenye fundo la mguu, na mtaa mzima unajua kwa nini viatu vyake viko vile. Mama anajua. Akaniambia barabara si yake, kama anataka kupita mbele na apite. Ila asimsalimie. Yeye ndiye atakayeanza, siku akiwa tayari, na asiharakishwe na mtu.

Juma lililopita mlango wa duka lake ulianza kukwama kwenye bawaba. Amemwita fundi kutoka mtaa wa pili.